Mapitio: Ukatekumeni wa watu wazima parokiani, unafundisha sakramenti kweli?

Huduma ninayoipitia hapa haina duka wala tangazo. Ni ukatekumeni wa watu wazima, yaani safari ambayo parokia Katoliki humpitisha mtu mzima asiyebatizwa hadi apokee sakramenti za Ubatizo, Kipaimara (mpako wa Roho Mtakatifu) na Ekaristi (Komunyo). Nimeipima kwa swali moja: anayemaliza anazijua sakramenti kiasi cha kuziishi, au anajua majibu ya mtihani tu? Hukumu yangu naitanguliza. Utaratibu wenyewe, kama Kanisa lilivyouandika, ni bora kuliko mtaala wowote ambao padre au katekista angejitungia. Tatizo ni kwamba parokia nyingi za kwetu Afrika Mashariki hutoa nusu yake, na nusu inayoachwa ndiyo inayofundisha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake, na ibada zake zikatangazwa tarehe 6 Januari 1972. Kwetu jambo hili halikuwa geni. Karne ya 19 Kardinali Lavigerie aliwapa Mapadre Weupe waliokuja nchi za Maziwa Makuu agizo la miaka minne: miwili mtu akiwa mwombaji, miwili akiwa mkatekumeni, ndipo abatizwe. Siku hizi muda wa kawaida ni mwaka mmoja hadi miwili. Mimi naona mwaka mmoja kamili wa liturujia ndio kiwango cha chini kabisa, ili mtu apitie Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka akiwa ndani, akisikia Injili ikisomwa kwa mpangilio wake. Miezi mitatu ya haraka kwa sababu harusi imepangwa Desemba haitoshi, na paroko anayekubali haraka hiyo humdhulumu huyo anayedhani anamsaidia.

Ubora wa huduma hii unaonekana tangu mlangoni, kabla hata somo la kwanza halijaanza. Swali la kwanza kwa kila anayekuja liwe hili: umewahi kubatizwa? Wapi, kwa maji gani, kwa maneno gani? Aliyebatizwa KKKT (Kanisa la Kilutheri Tanzania) au Anglikana amebatizwa kweli. Huyo si mkatekumeni, na ni kosa kumweka benchi moja na wasiobatizwa na kumfanyia ibada zao zote. Yeye huandaliwa kwa namna yake, huungama kabla ya kupokelewa, hukiri imani, kisha padre yuleyule anayempokea humpa Kipaimara na Komunyo. Si lazima asubiri Mkesha wa Pasaka. Tena ni afadhali asichanganywe humo, ili waamini wasidhani amebatizwa upya. Cheti kikikosekana, kanuni ya 876 ya Sheria za Kanisa inaruhusu ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mhusika mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima.

Aliyebatizwa "kwa jina la Yesu" peke yake, pasipo kutajwa Baba na Roho Mtakatifu, hajabatizwa, hata kama alizamishwa mtoni mbele ya umati. Vivyo hivyo kwa maneno "sisi tunakubatiza": Roma ilijibu mwaka 2020 kwamba ubatizo wa maneno hayo si halali. Ubatizo wa sharti, yaani wenye maneno "kama hujabatizwa", hutumika tu pale ambapo uchunguzi umefanyika na shaka bado ipo, wala usiwe njia ya mkato ya paroko aliyechoka kutafuta vyeti.

Swali la pili ni ndoa, nalo huulizwa siku hiyohiyo. Hapa ndipo huduma hukwama zaidi kuliko mahali pengine popote. Mtu anafundishwa miezi kumi na minne, ameshonewa nguo nyeupe, halafu wiki ya tano ya Kwaresima inagundulika ana wake wawili, au mwanamke anayeishi naye aliwahi kufunga ndoa kanisani na mwingine. Shauri la mahakama ya Kanisa la jimbo haliishi kwa wiki mbili. Fomu ya uandikishaji iwe na mistari ya kutosha: umeoa au kuolewa mara ngapi, kwa desturi, kwa serikali, kwa sheria ya Kiislamu au kanisani, wenzi wako wako hai, wamebatizwa?

Mwenye wake wengi wasiobatizwa huongozwa na kanuni ya 1148. Akibatizwa, na ikiwa ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja wao kwa kuwaacha wengine. Padre anayefundisha kanuni hii aisome mpaka mwisho, maana kifungu cha 3 kinadai wale wanaoachwa watunzwe kwa haki. Kiwanja, nyumba na ada za shule vizungumzwe kwa maandishi, na wazee wa ukoo wakiwapo. Bila hivyo sakramenti inaingia nyumba moja huku dhuluma ikiingia nyingine. Kwa upande mwingine, mume na mke wasiobatizwa waliooana kihalali kwa desturi, wakibatizwa wote wawili, ndoa yao inakuwa sakramenti papo hapo. Kuwadai "wafunge ndoa" upya ni kuwafundisha makosa juu ya Ndoa na juu ya Ubatizo kwa pamoja.

Sasa mafundisho yenyewe. Njia iliyozoeleka ni kijitabu cha maswali na majibu: katekista anauliza, kundi linaitika kwa sauti moja. Sikidharau. Mtu asiyesoma sana hubaki na maneno sahihi kichwani mwake maisha yote, na mzee wa miaka sabini hukumbuka jibu alilolishika akiwa kijana. Lakini mtu mzima akiambiwa kwamba sakramenti ni ishara, kisha asioneshwe ishara hiyo hata mara moja, amepewa maelezo ya chakula bila chakula. Ibada zenyewe ndizo kitabu cha kiada, na kijitabu kije nyuma yake.

Chukua somo la Ubatizo, dakika 90. Vifaa ni ndoo ya maji ya lita 20, jagi, beseni pana na taulo. Anza na maji yenyewe: mimina polepole, wayasikie, wayaguse, waseme maji hufanya nini katika maisha yao. Watasema yanaosha na kunywesha. Usiendelee mpaka mmoja amesema kwamba maji pia yanaua, kwa sababu bila hilo Warumi sura ya 6, kuzikwa pamoja na Kristo, haitaeleweka. Kisha chukua sala ya kubariki maji ya Mkesha wa Pasaka na uisome mstari kwa mstari. Ndani yake kuna Roho juu ya maji mwanzoni, gharika, Bahari ya Shamu, Yordani, na maji yaliyotoka ubavuni mwa Kristo. Hapo una masomo matano ya Biblia ambayo hukuyabuni wewe, na usiku wa Pasaka watakapoisikia sala hiyo watakuwa wanaijua. Maswali na majibu yaje dakika 20 za mwisho. Ukibadili mpangilio huu, ukaanza na majibu, ndoo itabaki pambo.

Kwa mtu anayetoka katika Uislamu, kama wengi wanaokuja Tanga, Mombasa au Zanzibar, somo hili linahitaji neno la ziada. Amezoea udhu, maji ya kujitakasa yanayorudiwa kabla ya sala. Asipoelezwa atauchukulia Ubatizo kama udhu mkubwa, na akianguka dhambini atauliza kama anaweza kubatizwa tena. Aambiwe mapema: huu hutolewa mara moja, hutia alama isiyofutika, na dhambi za baadaye zina sakramenti yake, Kitubio. Mtu huyu mara nyingi anajua kufunga na kusali kwa saa kuliko Wakatoliki wanaomfundisha. Katekista aheshimu hilo na kulijenga. Usalama wake nyumbani ufikiriwe pia. Jina lake lisisomwe kwenye matangazo ya Misa mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari.

Mafuta ni somo jingine linaloharibiwa kwa haraka. Yako ya aina tatu, nayo hubarikiwa au kuwekwa wakfu na askofu katika Misa ya Krisma. Mafuta ya wakatekumeni hupakwa kifuani au mikononi kabla ya Ubatizo, kwa ajili ya nguvu ya kupambana na uovu. Krisma, yenye zeri na harufu nzuri, ni ya Kipaimara, ya Daraja Takatifu (upadrisho na uaskofu) na ya mpako unaofuata ubatizo wa mtoto. Mafuta ya wagonjwa yanajieleza. Darasani usichukue Krisma halisi kutoka kabatini. Nunua mafuta ya zeituni dukani, gawa katika vichupa viwili, kimoja ukitie matone machache ya marashi, wanusie tofauti. Wafanye wenyewe: kidole gumba, alama ya msalaba kwenye paji la uso, na usifute mara moja. Kanisani nako, vichupa visivyo na lebo vimeshaleta mkanganyiko katika sakristia nyingi, hasa usiku wa Mkesha taa zikiwa zimezimwa. Lebo iandikwe kubwa, na kila kichupa kiwe na pamba yake.

Somo la Ekaristi lisiishie kwenye ufafanuzi wa uwepo wa kweli wa Kristo, ingawa huo ndio moyo wake. Mtu mzima ana hofu ndogondogo anazoona aibu kuziuliza: nifungue mdomo vipi, hostia ikianguka je, nikiwa nimekunywa chai je? Mfungo ni saa moja kabla ya Komunyo; maji na dawa havivunji. Anayepokea mkononi aweke kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, aseme "Amina" kwa sauti, ale pale pale kabla ya kuondoka. Wafanyieni mazoezi kwa hostia ambazo hazijawekwa wakfu, na waambiwe wazi kwamba hazijawekwa wakfu. Waonje na divai kidogo, kwa kuwa ni vyema wabatizwa wapya wakomunike kwa maumbo yote mawili, mkate na divai, usiku ule, na asiyewahi kuonja divai hukunja uso mbele ya kikombe.

Mpako wa Wagonjwa unahitaji nusu saa tu, na kazi kubwa ni kuondoa wazo kwamba ni mpako wa mwisho. Ni kwa mwenye ugonjwa mzito, mzee aliyedhoofika, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa. Daraja lifundishwe kwa ibada yake, kwa kuwekewa mikono. Wengi watalielewa vizuri siku watakayohudhuria upadrisho jimboni.

Kwaresima ndiyo sehemu bora ya utaratibu wote, na ndiyo inayokatwa zaidi. Dominika ya Kwanza kuna ibada ya uteule, ambapo askofu au mwakilishi wake hupokea majina. Dominika ya Tatu, ya Nne na ya Tano kuna mitakaso mitatu, yaani ibada za kuwaombea wakatekumeni watakaswe, pamoja na Injili tatu za Yohane: mwanamke Msamaria kisimani (sura ya 4), kipofu tangu kuzaliwa (sura ya 9) na Lazaro (sura ya 11). Hizi ni za Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa masomo ya Misa wa miaka mitatu (A, B na C), lakini wakatekumeni wakiwapo zinaruhusiwa mwaka wowote, na hapa ndipo mapadre wengi hujikwaa: wanasoma Injili za Mwaka B au C kwa kufuata kalenda, na mitakaso inakosa shina lake. Maji, nuru, uhai: zikifuatana wiki tatu, ni katekesi kamili ya Ubatizo ambayo haihitaji ubao. Katikati yake wakatekumeni hukabidhiwa Kanuni ya Imani, baadaye Sala ya Bwana, na Jumamosi Kuu asubuhi huikariri Kanuni hiyo. Mitakaso mitatu ikibanwa katika Dominika moja kwa kuwa kuna harambee, kilichobaki ni tangazo refu.

Kuna kipengele kingine ambacho karibu hakifanyiki: kuwaaga wakatekumeni baada ya homilia, waende na katekista kuongea juu ya Neno walilosikia huku waamini wakiendelea na liturujia ya Ekaristi. Wengine hukiona ni kufukuza watu. Kikielezwa vizuri kinafundisha Ekaristi kuliko hotuba, kwa sababu mtu anajua hasa anachokisubiri.

Mkesha wa Pasaka una kasoro tatu zinazorudi kila mwaka. Ya kwanza ni uchache wa maji. Kidole kilicholowa kikiguswa kwenye paji si kumimina, maana maji lazima yatiririke juu ya ngozi. Kwa mwanamke mwenye nywele zilizosukwa au wigi, maji ya utosini huishia kwenye nywele, kwa hiyo ainamishe kichwa mbele, padre ashike jagi lenye angalau nusu lita, amimine mara tatu kuanzia paji la uso, akitamka mwenyewe maneno yote: "mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Anayemimina ndiye anayesema. Shemasi asimimine huku padre akisema kwenye maikrofoni.

Ya pili ni vazi jeupe. Parokia nyingi huwaambia wafike wakiwa wameshavaa nyeupe kutoka nyumbani, wakati katika ibada vazi hilo hutolewa baada ya maji. Waje na nguo ya kawaida ya rangi nzito, msimamizi ashike kanzu au shuka jeupe, amvike wakati huo. Haigharimu chochote, na kusanyiko zima litaelewa maana ya kumvaa Kristo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kumbatiza mtu mzima na kumwambia asubiri Kipaimara mpaka askofu aje kutembelea parokia. Kanuni ya 866 inataka abatizwe, apewe Kipaimara na kukomunika katika adhimisho lilelile, isipokuwa kuna sababu kubwa. Padre anayembatiza mtu mzima kwa wadhifa wake ana ruhusa ya kumpa Kipaimara kwa sheria yenyewe (kanuni ya 883), na kanuni ya 885 inamdai aitumie. Ndiyo sababu pia ule mpako wa Krisma utosini unaofuata ubatizo wa mtoto huachwa hapa: Kipaimara kinafuata mara moja. Kanuni ya 863 inataka askofu ajulishwe ubatizo wa waliotimiza miaka 14, ili aufanye mwenyewe akipenda. Barua hiyo iandikwe mapema, na swali la Kipaimara limalizwe humohumo.

Baada ya Pasaka zinabaki siku 50 za mistagojia, kuingizwa ndani ya fumbo ambalo mtu ameshalionja. Katika karne ya 4 askofu Ambrosi wa Milano, aliyembatiza Agostino Pasaka ya mwaka 387, aliwaeleza watu sakramenti hizi wiki ya Pasaka, baada ya kuzipokea. Kwetu Jumatatu ya Pasaka darasa limefungwa, na katekista ameanza kundi jipya. Hapa naipa huduma alama ya chini kabisa. Kinachotakiwa si kingi: vikao sita au saba, kila kimoja kikianza na swali la uliona nini, ulisikia nini, mafuta yalinukiaje. Ndani ya vikao hivyo ndipo pahali pa kufundisha Kitubio kwa vitendo. Mkatekumeni haungami kabla ya Ubatizo, kwa kuwa maji yenyewe yanaondoa dhambi zote. Maungamo yake ya kwanza yako upande huu wa Pasaka. Apewe hatua kwenye karatasi ndogo: kutafuta dhambi, kutubu, kukusudia kuacha, kumwambia padre, kutimiza malipizi. Aoneshwe kiti cha maungamo kikiwa kitupu, akae, aone pazia na mahali pa kupiga magoti. Wengi wanaotoweka mwaka wa pili walianguka mara moja, wakaona haya, na hakuna aliyewaonesha mlango wa kurudia.

Msimamizi asichaguliwe kwa urafiki wa kazini. Awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, ametimiza miaka 16, si baba wala mama wa mbatizwa, na awe wa jumuiya ndogo ndogo ile ile au ya jirani. Mkristo wa madhehebu mengine anaweza kusimama kama shahidi tu, sambamba na msimamizi Mkatoliki. Wanaofanya kazi kwa zamu, kama wauguzi, walinzi, madereva wa bodaboda na mama lishe, hukosa somo moja kati ya matatu na kisha huambiwa warudie mwaka. Hilo ni kosa la ratiba. Kikao cha kufidia katikati ya wiki, hata watu wawili, kinaliondoa.

Gharama: sakramenti haziuzwi, na kanuni ya 848 inakataza maskini kunyimwa kwa sababu ya umaskini wake. Mshumaa, kijitabu na kitambaa cheupe ni michango ya haki. Aliyeshindwa, parokia imlipie bila kumtangaza.

Vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, vilivyo mbali vina hitaji lao. Mkatekumeni akifa kabla ya Ubatizo, huzikwa Kikatoliki kama waamini wengine. Familia nyingi hazijui hilo, na wazee wa kigango pia. Akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kumbatiza. Karoli Lwanga, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliwabatiza wenzake wakatekumeni, Kizito akiwamo, mwishoni mwa Mei 1886, kabla hawajapelekwa Namugongo kuuawa. Kila katekista wa kigango ayajue maneno bila kusoma, awe na chupa ya maji safi nyumbani, na baada ya kubatiza aandike jina kamili, tarehe, mahali na jina la shahidi mmoja, ampelekee paroko wiki hiyo hiyo. Mgonjwa akipona, harudiwi Ubatizo: hukamilishiwa mafundisho yake, kisha Kipaimara na Komunyo, na daftari la parokia lisomeke hivyo.